Karai Jipya Hulishwa Mafuta Kwanza, Ndipo Lilishe Watu

Siku hizi karai la Kichina limekuwa chombo cha kuonekana katika maduka mengi ya vyombo mijini, na watu wengi, makarani na hata wakulima waliokuja mjini kwa shughuli zao, hulitazama kwa tamaa. Ni pana, ni jepesi, limeviringa kama bakuli kubwa, na muuzaji husema kwamba hukaanga chakula upesi kuliko sufuria. Hayo ni kweli. Walakini liko neno moja ambalo muuzaji mara nyingi halisemi, nalo ni hili: karai la chuma, siku litokapo dukani, halijawa tayari kupikiwa. Atakayelipikia siku ileile atakula chakula chenye harufu ya vanishi, na samaki wake watashika chuma kana kwamba wamegundishwa.

Nasema hivi kwa kuwa jambo hili lilinifika mimi mwenyewe. Nilinunua karai la namna hiyo mwisho wa mwezi mmoja, kwa fedha ambazo Mama Watoto alikuwa amezitengea haja nyingine. Nilimtuliza kwa kumwambia kwamba mafuta na makaa tutakayookoa yatairudisha fedha ile kabla ya mwaka kwisha. Jioni nililiosha kwa maji baridi, nikaliteleka, nikatia mafuta na vipande vya samaki. Mara nyumba ikajaa moshi wenye harufu mbaya, samaki wakang'ang'ania chuma, na nilipowabandua walivunjika-vunjika. Usiku ule watoto walikula ugali kwa chumvi. Mke wangu hakusema neno, na kimya chake kilinichoma kuliko maneno. Nililowesha karai lile maji ili masalio yalainike, nikalisahau nje siku mbili, nalo likaota kutu nyekundu. Tangu hapo likawa chombo cha kunyweshea kuku.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyefanya kazi ya upishi katika mahoteli kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku moja alipita uani kwetu, akawaona kuku wakinywa maji, akasimama.

"Mwanangu," akaniuliza, "chombo hiki kimekukosea nini?"

Nikamwambia, "Mzee, chombo hiki ni kibovu. Kimeniharibia chakula na kunitia aibu nyumbani kwangu."

Akacheka, akasema, "Karai halina kosa. Wewe umelidai kazi kabla hujalilisha."

Jumamosi iliyofuata alikuja, akatuonyesha mimi na Mama Watoto namna ya kulitengeneza. Niliyojifunza kwake, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayowaandikia wasomaji hapa, ili mwingine asipoteze fedha na chakula kama nilivyopoteza mimi.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Asili ya karai hili ni Uchina. Jina lake la wok ni neno la Kikantoni, lugha ya watu wa Guangdong na Hong Kong upande wa kusini. Wasemao Kichina cha kaskazini huliita guo. Wachina walikuwa wakiyeyusha chuma na kukisubu tangu yapata karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Kristo, muda mrefu kabla ya kazi hiyo kujulikana Ulaya. Mpaka leo wako mafundi wanaofua makarai kwa nyundo, mathalan wale wa Zhangqiu katika jimbo la Shandong. Makarai yao yalipoonyeshwa katika televisheni ya Uchina mwaka 2018, watu waliyagombania madukani.

Kwetu sisi umbo hili si geni. Karai tunalokaangia mandazi, na ambalo watu wa Mombasa huwapatia viazi karai jina lake, ni ndugu ya chombo hiki, ingawa jina lenyewe lilitoka Bara Hindi, ambako huitwa karahi. Tofauti yao ni kwamba karai tulilolizoea hujazwa mafuta mengi, chakula kikaogelea humo, bali lile la Kichina ni jembamba, hupata moto upesi, na hutiwa mafuta kidogo tu huku chakula kikigeuzwa-geuzwa bila kupumzika.

Mviringo wa chini nao una maana yake. Chombo hiki kilitengenezwa kikae juu ya tundu la jiko la udongo au la matofali, ili ndimi za moto zikizunguke pande zote. Kwa hiyo hukaa vema juu ya jiko la makaa, hasa lile lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, ambalo lilianza kuenea Kenya katika miaka ya 1980. Mwenye jiko la gesi la mezani na achague karai lenye kitako bapa kidogo, ama sivyo litayumba na kumwaga mafuta ya moto.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Makarai yauzwayo si ya namna moja, na maneno ya makala haya ni ya karai la chuma kitupu. Liko la chuma cha kusubu, ambalo ni zito na huvunjika likianguka. Na liko la bamba la pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo, ambalo ni jepesi na halivunjiki kwa urahisi. Hilo la pili ndilo linalofaa nyumba nyingi. Chukua sumaku ndogo mfukoni: isiposhika, karai lile huenda ni la alumini.

Tazama pia ndani yake. Ikiwa limepakwa utando mweusi laini wa kuzuia chakula kisishike, usilinunue kwa kazi hii. Utando huo aghalabu ni wa dawa iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938 na Roy Plunkett, inayojulikana zaidi kwa jina la Teflon. Ni kitu kizuri kwa moto wa kadiri, lakini moto ukipita nyuzi 260 za sentigredi huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara. Karai la namna hiyo halilishwi mafuta kwa moto mkali, wala halihitaji.

KWA NINI CHUMA HULISHWA MAFUTA

Kila mkulima ajua kwamba jembe lililoachwa kwenye umande huota kutu. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu haikosi kuzaliwa. Kwa sababu hiyo kiwanda hulipaka karai jipya vanishi au mafuta ya mashine, ili lifike dukani likiwa zima. Upako huo ni wa safari, si wa kuliwa, nao hauna budi kuondolewa.

Ukiisha kuondolewa, chuma kimebaki uchi na chataka nguo nyingine. Nguo hiyo ni mafuta ya kupikia. Mafuta yakipakwa kidogo sana, kisha yakapata moto mkali pamoja na hewa, hayabaki kuwa mafuta tena. Chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa ngozi ngumu iliyoambatana na chuma. Ni mfano wa mafuta ya kitani, ambayo seremala huyapaka mbao yakiwa majimaji, na baada ya siku chache yamekauka yakawa magumu. Ngozi hiyo huzuia kutu, na chakula huteleza juu yake. Rangi yake kwanza ni ya kahawia, na kadiri mtu apikavyo huzidi kuwa nyeusi. Basi mgeni asiyejua asidhani kwamba karai jeusi ni karai chafu. Weusi huo ndio mali yenyewe.

NAMNA YA KULILISHA

Kwanza, chagua siku yenye nafasi, na fanya kazi hii nje au mahali penye madirisha wazi, maana moshi utakuwa mwingi. Jiko la makaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu wengi usingizini. Watoto na wakae mbali.

Pili, ondoa upako wa kiwanda. Chemsha maji ndani ya karai kwa muda wa robo saa, uyamwage, kisha sugua ndani na nje kwa waya wa kusugulia sufuria pamoja na sabuni na maji ya moto. Sugua kwa nguvu, na rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke bila uchafu. Hapa ndipo mimi nilipokosea. Nilidhani kuosha karai jipya ni kulisuuza tu.

Tatu, likaushe juu ya moto, kisha uzidishe moto mpaka chuma kibadilike rangi. Kitaanza kuwa manjano kama majani makavu, halafu kahawia, na kikifika yapata nyuzi 300 kitakuwa rangi ya buluu. Geuza-geuza karai ili kila upande upate zamu yake. Kama mkono wake ni wa mti, uzungushie kitambaa kilicholoweshwa maji usije ukaungua. Makarai mengine hayabadiliki rangi kwa usawa. Hilo lisikutie wasiwasi.

Nne, lipoe kidogo, kisha tia kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya alizeti, ya mahindi au ya karanga, ueneze ndani kote kwa kitambaa kikavu kilichoshikwa kwa koleo. Halafu twaa kitambaa kingine kisafi, uyafute mafuta yale kana kwamba ulikosea kuyapaka. Yatakayosalia yatosha. Hili ndilo neno ambalo mzee alilirudia mara nyingi: "Membamba, mwanangu, membamba." Mafuta mengi hayawi ngozi, bali hunata kama ulimbo, na baada ya siku chache hubanduka na kuingia katika chakula.

Tano, lirudishe motoni mpaka moshi utoke na kwisha. Lipoe tena, upake tena, ufute tena, na lipate moto tena. Fanya hivyo mara tatu au nne.

Mwisho, kaanga ndani yake majani ya vitunguu na vipande vya tangawizi kwa mafuta kidogo na moto wa kadiri, kwa muda wa robo saa, ukivisukuma kila mahali mpaka kingoni. Hii ni desturi ya Wakantoni tangu zamani, na huondoa harufu ya chuma iliyobaki. Majani hayo usiyale, yatupe. Wachina wengi walitumia mafuta ya nguruwe kwa kazi hii, lakini asiyemla nguruwe hapungukiwi na kitu, maana mafuta ya mimea hufanya kazi ileile.

Tahadhari moja ni lazima itajwe. Mafuta yakishika moto ndani ya karai, usiyamwagie maji hata kidogo, kwa sababu maji yatayarusha mafuta yale yakiwa yanawaka. Zima gesi kama waweza, funika karai kwa kifuniko cha chuma, na uliache mpaka lipoe.

KUPIKA NDANI YAKE

Karai lililolishwa halipikwi kama sufuria. Katika sufuria mtu huweza kutia chakula, akaenda kuchota maji, akarudi. Hapa mambo huisha kwa dakika chache, na asiyejiandaa ataunguza. Basi kata kila kitu kwanza, na kiweke karibu na mkono wako.

Tuchukue mfano wa sukuma wiki, mboga ya kila nyumba. Osha majani ya kutosha watu wanne, uyakaushe sana, kisha uyakate. Maji yakiingia katika karai hupoza chuma, na mboga zitachemka badala ya kukaangika. Kata punje 3 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kama kidole gumba. Teleka karai tupu kwenye moto mkali. Dondoshea tone moja la maji. Likirukaruka na kutoweka mara moja, karai limekuwa tayari. Ndipo utie mafuta vijiko 2 vya mezani, uyazungushe kutani. Wapishi wa Kichina wana kanuni kwamba karai liwe moto na mafuta yawe baridi, yaani mafuta yasiwekwe kabla ya chuma kupata moto. Tia kitunguu saumu na tangawizi, hesabu polepole mpaka kumi, kisha tia sukuma wiki na chumvi. Geuza kwa mwiko bila kusimama kwa dakika mbili au tatu, uipue. Mboga zitakuwa za kijani kibichi, nazo zitasikika menoni.

Nyama ikatwe vipande vyembamba, ikaushwe, na isizidi robo kilo kwa mara moja. Wengi hujaza karai mpaka juu wakidhani watamaliza upesi, kumbe moto hushindwa, nyama ikatoa maji na kuwa ngumu. Afadhali kupika mara mbili. Wali nao hukaangwa vizuri zaidi ukiwa wa jana, mradi ulipozwa upesi na kuwekwa mahali pa baridi, kwa maana wali uliolala jikoni penye joto waweza kumwuguza mtu.

Wakantoni husema kwamba chakula kilichokaangwa sawasawa huwa na wok hei, maana yake pumzi ya karai. Ni ile ladha ya moshi kidogo ambayo sufuria haiwezi kuitoa. Grace Young, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa katika jamaa ya Kichina mjini San Francisco, alikifanya kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2004. Na mwaka 2020 wataalamu wawili wa chuo cha Georgia Tech, Hungtang Ko na David Hu, walieleza jinsi wapishi wa mahoteli wanavyourusha wali hewani karibu mara 3 kwa kila nukta, ili usiungue juu ya moto ule mkali. Mpishi wa nyumbani hana haja ya kuiga jambo hilo. Mwiko watosha, na mabega yake yatamshukuru.

MAJUMA YA KWANZA, NA KUOSHA

Ngozi ya mafuta katika majuma ya kwanza ni changa. Wakati huo lipikie karai vitu vyenye mafuta, kama vitunguu, viazi na mandazi, maana kila upishi wa namna hiyo huizidisha nguvu. Jihadhari na vitu vichachu, yaani nyanya nyingi, ndimu, ukwaju na siki. Uchachu hula ngozi ile, na chakula hupata ladha ya chuma. Mchuzi wa nyanya na upikwe katika sufuria. Kila chombo na kazi yake.

Ukiisha kupika, osha karai lingali na uvuguvugu, kwa maji ya moto na brashi au kitambaa. Sabuni kidogo haliui, lakini usilisugue kwa mchanga wala kwa waya mkali, na usililoweshe maji usiku kucha. Halafu lirudishe motoni mpaka likauke kabisa, upake mafuta kiasi cha tone moja au mawili, ulitundike. Kazi hii haipiti dakika tatu. Na ikiwa kwa bahati mbaya limeota kutu, usilitupe wala usiwape kuku. Isugue kutu yote mpaka chuma king'ae, kisha anza upya kulilisha. Chuma husamehe.

FAIDA YAKE

Mtu aweza kuuliza, kwa nini tujitaabishe hivi na hali sufuria za alumini zipo tele? Jibu la kwanza ni kwamba karai la chuma lililotunzwa laweza kumtumikia mtu maisha yake yote, na mwanawe akalirithi. Jibu la pili ni la afya. Chuma kidogo huingia katika chakula, na mwili wahitaji madini hayo kutengeneza damu. Mwaka 1999 jarida la madaktari la Lancet lilitangaza utafiti uliofanywa Ethiopia, ambako watoto wa nyumba zilizopewa vyungu vya chuma walilinganishwa na wale wa nyumba zilizopikia katika alumini. Waliokula chakula cha vyungu vya chuma walionekana kupungukiwa na damu kwa uchache kuliko wenzao. Hiyo si kusema kwamba karai ni dawa. Mwenye upungufu wa damu na aende hospitali. Tena karai lenye ngozi nene ya mafuta hutoa chuma kidogo kuliko chungu kitupu. Lakini ni faida ambayo mtu huipata bila kulipa zaidi.

Karai letu sasa ni jeusi kama usiku, na kuku wamepewa bakuli lao. Juma lililofuata baada ya lile somo la mzee, Mama Watoto alinunua samaki wa kiasi kilekile, akawakausha, akawakaanga mwenyewe mbele yangu. Waligeuka wakiwa wazima, wakateleza mpaka kwenye sahani. Alimtuma mtoto ampelekee mzee wawili walio wakubwa, kisha akanigeukia akasema, "Sasa fedha yangu imeanza kurudi."

Basi wewe uliyenunua karai jipya, au unayeweka akiba ulinunue, usilipikie jioni ya siku ileile. Lipe siku yake moja ya moto na mafuta. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na hili nimelijua kwa ugali na chumvi.